Pamba Mashavuni

Si zamani sana, kabla tu ya likizo iliyopita, palikuwa na nchi ambayo jina lake halitaandikwa hapa. Si kwa woga. Ni kwamba likiandikwa mtu atalisoma, na akilisoma kwa sauti bila kibali cha matamshi ataitwa wilayani kuhojiwa, na hadithi hii haipendi kumponza mtu.

Nchi hiyo ilikuwa na milima, bonde na ziwa, na kila upande ulisema Kiingereza kwa namna yake. Watu wa Milimani walikikata kama kuni, vipande sawasawa, kila neno peke yake. Wa Bondeni walimeza miisho ya maneno wakabaki wakitabasamu. Wa Ziwani waliinua sauti mwisho wa kila sentensi, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya maji na hana hakika kama amesikika. Wote walielewana vizuri, na hilo ndilo lililoitia serikali wasiwasi.

Ikaundwa Ofisi ya Matamshi ya Taifa. Mwanzoni ofisi iliagiza kila mtu aseme kama watawala wa zamani: maji yaliitwa "wota", kidevu kikiwa kimeinuliwa kidogo. Baadaye taifa jingine kubwa likajenga barabara ya lami mpaka nyumbani kwa Waziri, na maji yakawa "wora", yakipitia puani. Kisha mawaziri sita wakasomeshwa bure katika nchi ya theluji, wakarudi na "vota". Kila badiliko lilikuwa na cheti chake chenye mhuri. Ukitaka kujua umri wa karani, ulimsikiliza tu anavyoagiza maji ya kunywa, kama umri wa ng'ombe unavyojulikana kwa meno.

Halafu Mtukufu Rais akaumwa jino.

Kwa kuwa nchi ilikuwa na madaktari wa meno wa kutosha, alikwenda kulitolea ng'ambo. Alirudi baada ya wiki tatu, uso umevimba, pamba kila shavu, akahutubia taifa pale pale uwanja wa ndege kwa dakika arobaini. Chini ya jukwaa alisimama Mheshimiwa Daktari Kilimbwe, Mkuu wa Ofisi ya Matamshi, ameshika mashine ya kurekodi na machozi yanamtoka.

"Haya ndiyo matamshi ya juu kabisa niliyowahi kuyasikia," aliwaambia waandishi wa habari. "Hata mimi sikuelewa kitu."

Kufikia Ijumaa matamshi hayo yakawa Tamko la Taifa. Waziri mmoja, aliyetaka kuwa wa kwanza katika utii, alijaza pamba mashavuni mwake Bungeni, na kabla ya kikao kuahirishwa wabunge wote walikuwa wamejaza. Maji sasa yaliitwa kitu kama "mbwoba". Pamba ikaisha hospitalini, vidonda vikafungwa kwa kurasa za kamusi. Karani mmoja wa ardhi aliimeza pamba yake katikati ya wimbo wa taifa, akazikwa kwa heshima zote, na hotuba ya mazishi haikueleweka na mtu hata mmoja, jambo lililoifariji sana familia.

*

Katika Shule ya Bweni ya Taifa, kidato cha tano, alikuwapo msichana wa miaka kumi na saba aliyeitwa Semeni Kapungu. Alikuwa na kipaji kimoja kibaya: aliweza kusema kama mtu yeyote. Jumatatu moja alijipenyeza katika chumba cha kipaza sauti akatangaza, kwa sauti ya Mkuu wa Shule mwenyewe, pamoja na namna yake ya kuvuta kamasi:

"Kutokana na vifo vingi vya wadudu vilivyotokea ndani ya sufuria, maharage ya leo yameahirishwa. Wanafunzi watakula wali, wakiwa wamesimama, kwa heshima ya marehemu."

Shule nzima ilikula wali imesimama. Mkuu wa Shule naye alisimama. Alikuwa ameisikia sauti yake, hakuona sababu ya kuitilia shaka.

Lakini bwenini, kichekesho kilichopendwa kuliko vyote hakikuwa cha Mkuu wa Shule. Rafiki yake Bupe, binti wa Milimani aliyelala kitanda cha juu, alikuwa akiining'iniza miguu na kumwambia, "We Semeni, hebu tufanyie Mwalimu wa Ziwani."

Naye Semeni alisimama katikati ya vitanda, akakunja mikono nyuma, akainua sauti mwisho wa kila sentensi mpaka wenzake wakajiviringisha sakafuni. Hakuwaambia Mwalimu wa Ziwani alikuwa nani. Alikuwa baba yake.

Mwalimu Kapungu alifundisha Kiingereza shule ya msingi ya Ngarawe, kando ya ziwa, kwa miaka ishirini na minne. Mkewe alifariki Semeni akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo kila jioni kabla ya chakula alimsomea binti yake kitabu cha darasa la tatu, hadithi ya mbuzi mwenye kiu aliyefika ziwani, akaona mbuzi mwingine ndani ya maji, akakataa kunywa mpaka yule mwingine aondoke. Ilikuwa na sentensi moja: mbuzi aliyatazama maji. Mwalimu alipofika kwenye lile neno, maji, "wata", alilipandisha juu, juu kabisa, kisha akanyamaza na kumtazama Semeni juu ya miwani. Hapo ndipo Semeni alipotakiwa kulia kama mbuzi. Bila mlio wa mbuzi, hadithi haikuendelea. Mara moja, alipomnunia baba, walikaa hivyo mpaka ugali ukapoa.

Alipokwenda bweni, alimwandikia barua kwa Kiingereza kila mwezi, na Mwalimu alimrudishia zimesahihishwa kwa wino mwekundu, na alama chini. "Saba kwa kumi," aliandika. "Ungepata nane, lakini umemtukana matroni kwa kitenzi kisicho sahihi." Pembeni alichora mbuzi.

Siku ya kesi ya wali, Semeni alikuwa amepiga magoti nje ya ofisi akisubiri viboko, ndipo gari la Daktari Kilimbwe lilipoingia. Mheshimiwa alikuwa akitafuta masikio. Mitihani ya Tamko la Taifa ilikuwa inaanza kwa walimu wote wa nchi, na masikio ya watu wazima yalikuwa yamechoka kwa wota, wora na vota. Aliposikia kosa la Semeni alimwinua kwa mikono yake.

"Mwanangu," alisema, baada ya kutoa pamba moja kwa ruhusa maalumu, "mtu hawezi kuiga asichokisikia. Wewe ni hazina. Simama."

Hivyo Semeni akawa Sikio la Taifa, Daraja la Kwanza, na Bupe akawa mwenzake. Masikio yalikaa mawili mawili nyuma ya pazia la kijani ukumbini. Mtahiniwa aliingia kwa namba, bila jina, akasoma kifungu. Kila Sikio liliandika vema au kosa, kisha kengele ikapigwa: mara moja kwa aliyefaulu, mara mbili kwa aliyeanguka. Masikio mawili yakitofautiana, yote mawili yalifukuzwa shule siku hiyo hiyo. Yakimaliza msimu bila kutofautiana, yaliingia chuo kikuu bila usaili.

Na aliyeanguka? Alipewa Kadi ya Kimya. Hakuruhusiwa tena kusema Kiingereza mbele ya mtoto, ndani ya ofisi, wala katika hatua mia moja kutoka shule yoyote.

Kifungu cha mtihani kilichaguliwa na kamati ya maprofesa tisa. Walichagua hadithi ya mbuzi, kwa kuwa kitabu cha darasa la tatu ndicho pekee ambacho wote tisa walikuwa wamekisoma mpaka mwisho.

*

Semeni alimwandikia baba yake habari za cheo. Barua ilirudi: "Sita kwa kumi. Hongera. Hilo la 'hazina' lisikupande kichwani. Na sisi wa Ngarawe tumeitwa, tarehe kumi na tisa. Nafanya mazoezi." Mbuzi wa pembeni alikuwa amechorwa na mashavu yaliyovimba.

Alicheka aliposoma. Kisha aliacha kucheka, kwa sababu alijua mashavu ya baba yake. Yalikuwa mashavu ya mtu wa Ziwani, membamba, ya kuita ng'ambo.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa siku ya joto. Walimu wa Ziwani walifika kwa lori, wakakaa chini ya jua wakitafuna pamba kimya kimya. Nyuma ya pazia Semeni na Bupe walisikiliza kuanzia asubuhi. Mbwoba, vema. Mbwoba, vema. Mmoja alisema "wota" kwa mazoea ya zamani, akaangushwa, akasikika akilia kwa lafudhi ya mwaka alioajiriwa.

"Huyu wa sasa anavuta miguu," Bupe alimnong'oneza Semeni, namba thelathini na saba alipoingia. "Labda ameficha godoro zima mdomoni."

Semeni alizuia kicheko. Alikuwa na kikohozi chake cha kuzuia kicheko, vikohozi viwili vifupi, kilichomwokoa ibadani na gwarideni tangu utoto. Akakohoa.

Upande wa pili wa pazia pakawa kimya. Kimya kirefu kidogo kuliko kawaida. Ikasikika sauti ndogo laini, kama mtu anayefuta midomo kwa leso. Kisha namba thelathini na saba akaanza kusoma.

Alisoma kwa sauti ya kupanda mwisho wa kila sentensi.

Semeni alijua kabla ya neno la pili. Alimsikia mbuzi akiamka na kiu, akaisikia njia ya kwenda ziwani, sentensi moja baada ya nyingine zikipaa na kukaa hewani, na kila moja ilikuwa na harufu ya taa ya chemli na ugali wa jioni. Bupe alikuwa ameshaandika kosa tangu mstari wa kwanza. Aliligeuza daftari lake ili Semeni alione, akakunja uso kwa kuuliza: unangoja nini?

Mbuzi akafika ziwani. Mbuzi akayatazama maji.

"Wata," alisoma namba thelathini na saba. Akalipandisha juu, juu kabisa. Akanyamaza.

Hakuwa amesahau. Wakaguzi waliandika baadaye kwamba mtahiniwa alisahau, lakini hakuwa amesahau. Alikuwa anangoja. Sekunde moja. Tano. Ukumbini kiatu cha mtu kililia. Semeni alifungua mdomo wake, ule uliowahi kulisha shule nzima wali, na hakuna kilichotoka.

"Semeni," Bupe alinong'ona, na safari hii hakukuwa na utani. "Watatufukuza wote wawili. Mimi mama yangu ameshauambia ukoo mzima. Andika."

Semeni akaandika kosa. Akashika kengele. Akaipiga mara mbili.

"Asante," ilisema sauti upande wa pili, kwa Kiswahili, kwa upole, kama anavyosema mwalimu kwa mtoto aliyejibu. Miguu ikaondoka ikiburuta.

*

Sheria ilimkataza Mwalimu Kapungu Kiingereza tu. Kiswahili na lugha ya kwao alijinyima mwenyewe. Majirani wa Ngarawe waliandika kwamba asubuhi anaitikia salamu kwa kuinua kofia, na sokoni ananunua dagaa kwa kidole. Kwa kuwa nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka shule, serikali ya kijiji ilimpimia kwa kamba, ikaona ni kweli thelathini, ikamshauri hata akiota aote kwa tahadhari.

Semeni aliandika barua. Hakusema lolote la pazia. Aliandika habari za mvua, na kwa makusudi akaweka makosa kumi na moja, makubwa, ya wazi, ya kumuudhi mwalimu yeyote aliye hai. Barua ilirudi. Hakukuwa na wino mwekundu hata nukta.

Msimu uliisha. Masikio hayakuwa yametofautiana. Bupe alicheza bwenini, akamkumbatia. "Chuo kikuu, shoga yangu! Hebu tufanyie Mwalimu wa Ziwani, tusherehekee!"

"Nimemsahau," alisema Semeni, akajifunika shuka.

*

Mwezi uliofuata Mtukufu Rais, ambaye shavu lake lilikuwa limepona siku ya nne tu baada ya uwanja wa ndege, aliliuliza Baraza la Mawaziri kwa nini siku hizi hamwelewi mtu. Alidhani ni masikio yake. Alikwenda kuyatibu ng'ambo, akaambiwa ni mazima kabisa, akarudi na hasira.

Hakuna aliyethubutu kumwambia habari za jino. Daktari Kilimbwe alitema pamba zake ndani ya kofia na kusimama haraka.

"Mtukufu, ni hujuma ya mataifa ya nje. Walitaka kutuziba mdomo. Ofisi yangu imefanya utafiti na kugundua matamshi safi ya asili, yasiyoguswa na wota, wora wala vota. Yanapatikana Ziwani."

"Ziwani kuna kura ngapi?" aliuliza Rais, maana uchaguzi ulikuwa karibu.

"Theluthi ya nchi, Mtukufu."

"Basi ni matamshi mazuri."

Wiki hiyo hiyo msafara wa magari manne ulikwenda Ngarawe kumrekodi Mwalimu Kapungu, kwa kuwa katika kumbukumbu za ofisi ndiye aliyeandikwa "wa Ziwani kupindukia". Walimkuta akimenya mihogo. Wakamvalisha shada la maua, wakamwekea kipaza sauti. Mwalimu akaingia ndani, akatoka na Kadi ya Kimya, akawaonyesha kwa kidole kifungu cha sita: kimya hakifutwi ila kwa maombi, na maombi yatawasilishwa kwa mdomo, kwa Kiingereza. Kisha akaendelea na mihogo yake.

"Lakini ana binti," alisema dereva mmoja aliyekuwa ameisoma fomu ya Mwalimu kwenye kiti cha gari.

Daktari Kilimbwe alirudi Shule ya Bweni siku ileile. "Mwanangu, hazina yangu," alimwambia Semeni. "Taifa linakuomba utusomee mbuzi. Kama baba."

"Mheshimiwa, mwulizeni mwenyewe."

"Amefuata sheria. Ni raia mwema mno, hatufai."

Semeni alikataa kwa siku mbili. Siku ya tatu walimweleza kwamba bila kanda ya Ziwani hakutakuwa na kiwango kipya, na bila kiwango kipya Kadi za Kimya hazitapitiwa upya, ya baba yake ikiwamo. Akasoma. Alisoma mchana mmoja, mara moja tu, bila kukosea, kila sentensi ikipanda na kungoja jibu kutoka ng'ambo. Fundi wa mitambo alisahau kuzima mashine. Kilimbwe alilia tena, maana alikuwa mtu wa kulia.

Kanda ikapelekwa nchi nzima. Sasa polisi walikamata watu kwa sauti ya Mwalimu Kapungu. Mahakimu walifunga watu kwa sauti ya Mwalimu Kapungu. Walimu walioanza kuizoea pamba waliangushwa upya kwa kutopanda vya kutosha, na Semeni, nyuma ya pazia la kijani, alisikiliza watu mia nne wakijaribu kuwa baba yake. Hakuna hata mmoja aliyenyamaza baada ya neno maji. Hawakujua kwamba pale pana kitu.

*

Likizo ilipofika alikwenda Ngarawe na barua ya serikali mkobani: Kadi ya Kimya ya Mwalimu Kapungu imefutwa, na badala yake anatunukiwa Cheti cha Matamshi, namba moja.

"Shikamoo, Baba."

Mwalimu aliinua kofia. Alikuwa amekonda. Alimpokea mzigo, akamwekea chai, akakisoma cheti mbele na nyuma, akakiweka chini ya sufuria ya chai ili meza isiungue.

"Baba, umefaulu. Unaweza kusema. Hata leo."

Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa habari za kijiji kingine.

Basi Semeni akatoa barua nyingine, ambayo hakuwa amethubutu kuitia posta. Kurasa nne za Kiingereza. Aliandika humo pazia, kengele, daftari la Bupe na mkono uliopiga mara mbili. Aliandika hata Mwalimu wa Ziwani wa bwenini na jinsi walivyocheka. Mwalimu alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akasoma akiifuata mistari. Ukurasa wa tatu alirekebisha mkato mmoja. Alipomaliza aliandika chini, taratibu, akamsogezea.

"Nilijua ni wewe. Ulikohoa. Nilikuwa na pamba, nilifanya mazoezi miezi miwili, ningefaulu. Ulipokohoa nikazitoa. Nilidhani ungependa kunisikia."

Nafasi ya alama aliiacha wazi.

Semeni aliisoma mara moja, kisha akashindwa kuisoma mara ya pili. Nje, spika ya serikali ya kijiji ikakoroma, ikaanza, kama kila jioni, kuwakumbusha wananchi matamshi sahihi. Mbuzi aliamka na kiu. Sauti ya Mwalimu Kapungu, kutoka kwenye koo la binti yake, ikapita juu ya mabati ya Ngarawe kuelekea ziwani. Mwenye sauti alisikiliza sentensi mbili, akainuka, akafunga dirisha.

Alirudi na kitabu cha darasa la tatu, jalada limeshonwa kwa uzi. Akakaa karibu na Semeni, akakifungua. Hakusoma. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza na kukisogeza, neno kwa neno, midomo imefungwa, mbuzi akashuka njia yote mpaka ufukweni. Kidole kikafika kwenye maji. Kikasimama.

Mwalimu akamtazama juu ya miwani.

Semeni alilia kama mbuzi. Haukuwa mlio mzuri. Uliyumba, ukakatika katikati, ukaishia kwenye vikohozi viwili vifupi. Kidole kilikaa pale muda mrefu, chai ikapoa. Kisha kikaenda mstari wa pili, bila sauti.